Hapa Weka Jina Lake

Alhamisi ile, saa mbili na nusu asubuhi, nchi nzima ilikuwa na utulivu isipokuwa benchi la kahawa la Kasulu, upande wa barabara iendayo Kibondo. Pale palikuwa pamechafuka. Ofisi ya Chama ilikuwa imebandika karatasi kwenye ubao wa matangazo, na karatasi hiyo Mzee Evaristi alikuwa ameisoma mara tatu: mara ya kwanza kwa sauti, ya pili kwa miwani, ya tatu kwa hasira.

"'Mgeni Rasmi atafika shuleni leo saa sita mchana,'" alikariri, "'na wanafunzi wa darasa la saba watamsomea shairi.' Shairi! Darasa la saba hawa hawa? Sisi wa Middle tulifundisha shairi baada ya mtoto kufaulu kufuga nguruwe!"

Mzee Evaristi alifundisha Middle School enzi za Mwingereza, na tangu shule hizo zifutwe hajapata kumaliza sentensi bila kuzitaja. Kwa hiyo tukamwita Middle, naye akaitika kwa fahari.

"Nguruwe wako waache huko huko, mzee, hapa kuna kahawa yangu," alisema Khatibu, mwenye dele, akimimina kikombe cha nne bila kuulizwa. "Lakini nakuunga mkono. Ushairi si wa huku. Ushairi unataka upepo wa chumvi. Ukiupandisha milima hii, ukifika Titye umeshaishiwa pumzi."

"Wewe chumvi umeijulia wapi?"

"Mimi mtu wa pwani, bwana."

"Pwani ya Ujiji!"

Benchi zima likacheka. Khatibu tunamwita Bahari. Kazaliwa Ujiji, na bahari anayoijua ni lile ziwa, ambalo halina chumvi hata ya kulia yai.

"Ego, ndiyo, mimi nauliza tu," alisema Ndayiragije, fundi wa baiskeli, bila kuinua macho kutoka kwenye gurudumu lililokuwa mapajani mwake. "Huyo mgeni ni nani?"

Huyu tunamwita Spoku. Aliingia kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, na miaka minne baadaye Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kushinda magurudumu ya baadhi ya wateja wake. Macho yakahamia kwa Mama Maximilla, muuza maandazi, ambaye pia ni balozi wa nyumba kumi; kwa hiyo tunamwita Balozi hata tunapomkopa.

"Msinitazame mimi," alisema Balozi. "Barua ya kwanza ilisema anakuja Afisa Elimu. Ya pili ikasema si yeye, ni mkubwa wake. Ya tatu imeandika Mgeni Rasmi, basi. Chama chenyewe kinasubiri kumwona akishuka garini."

"Sasa shairi la kumsifu mtu asiyejulikana limetungwaje?" Middle akauliza. "Nani kalitunga?"

Hapo ndipo macho yote yaliponifikia mimi, nami nikajifunika uso kwa kikombe, ingawa vikombe vya kahawa vya Kasulu havifuniki hata pua.

Naitwa Leonidasi. Hapo kijiweni mimi ni Fomu Tuu, maana ndiko nilikofika na ndiko nilikokwama. Nilikuwa na miaka kumi na sita, suruali moja ya bugaluu iliyofagia vumbi la wilaya nzima, na elimu ya shule ya bweni ambayo sitaitaja kwa kuwa nayo wakati huo haikupenda kunitaja.

"Aaah! Huyu?" Middle akavua miwani. "Fomu Tuu ndiye anafundisha ushairi? Kwanza tuambie, shule za bweni zimefungwa?"

"Nipo kwenye mapumziko maalumu, mzee."

"Kasimamishwa huyo!" Bahari akapiga paja. "Hamjaisikia? Kaandika tangazo, kaiga mwandiko wa mkuu wao wa shule, kwamba Alhamisi hakuna ugali, ni wali na nyama, kila mtu aje na sahani mbili. Shule nzima ikapanga foleni. Mpishi kuona watu mia nne na sahani mia nane, akatokea dirishani!"

"Na mwalimu wa zamu?"

"Alikuwa wa tatu kwenye foleni," nilisema kwa unyenyekevu. "Na sahani zake mbili."

Walicheka, nami nikacheka, lakini kicheko changu kilikuwa kifupi. Mkuu wa shule alikuwa amenipa masharti. Nifanye kazi ya manufaa kwa jamii siku kumi na mbili, kisha mkuu wa shule ya msingi ya kwetu aandike barua kuthibitisha. Nikirudi Jumatatu na barua, nitapokelewa. Nikirudi bila barua, kitanda changu atakilalia mwingine, na mimi nitalima maharage ya baba yangu mpaka uzeeni. Ile Alhamisi ilikuwa siku ya kumi na mbili.

Mwalimu Venanti, mkuu wa shule ya msingi, alinipa nichague: kuchimba choo cha wavulana, au kufundisha ushairi darasa la saba, kwa sababu mwalimu wao Pasikali alikuwa ameitwa kwenye semina ya elimu ya watu wazima. Nikatazama jembe. Nikatazama chaki. Nikachagua ushairi. Laiti ningechimba choo! Shimo la choo halisomwi mbele ya Mgeni Rasmi.

"Sasa huko darasani ulifundisha nini hasa?" Middle aliuliza, sauti imekuwa ya mkaguzi.

"Mizani na vina. Kila mtoto alikuja na maharage kumi na sita. Silabi moja, harage moja. Manane upande huu, manane upande ule. Harage likibaki, mstari haujatimia. Maharage yakipungua, mstari umefurika."

"Hiyo njia nzuri," Middle alikubali kwa shida. "Sisi wa Middle tulitumia viboko. Kila silabi iliyozidi, kimoja."

"Na baada ya somo?" Balozi akauliza.

"Baada ya somo tulikuwa tunayapika."

"Ndiyo maana mwanangu aliupenda ushairi!"

"Lakini watoto walitunga nini?" Bahari hakutaka kuachia. "Tupe mstari mmoja tuuonje."

"Mmoja aliandika, 'Ng'ombe wetu ana pembe, na pembe ziko kichwani.' Maharage yalitimia. Nikampa alama saba."

"Alama saba kwa pembe kuwa kichwani?" Bahari akakamata dele kama anataka kuondoka nalo. "Ulitaka ziwe wapi ndiyo umpe kumi?"

"Binti yangu aliniambia alikuuliza swali," alisema Spoku polepole. Binti yake, Uwimana, alikuwa kiranja wa darasa lile. "Alikuuliza, kama maharage yametimia lakini mstari hausemi kitu, hilo ni shairi?"

"Aliuliza, ndiyo."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia akae chini."

"Mwalimu kamili huyu!" Middle alisema, na kwa mara ya kwanza akanitazama kwa upendo.

Nikaona upepo umegeuka upande wangu, nikajisahau. Nikawaeleza, huku nimekunja nne, kwamba kutomjua mgeni si kikwazo kwa mtu aliyesoma. Jumatatu nilikuwa nimeandika ubaoni ubeti mmoja wa kumkaribisha yeyote atakayeshuka garini, nikaacha nafasi ya kuweka jina lake litakapojulikana. Nikaamuru wakariri. Kisha nikaelekea kwenye utafiti.

"Utafiti wapi?"

"Kibondo. Jumanne na Jumatano. Nilipanda lori la Omary."

"Kibondo kuna utafiti gani wa ushairi?"

"Wa nyimbo, Balozi. Kulikuwa na dansi."

Balozi alifungua mdomo aniambie kitu ambacho balozi wa nyumba kumi anatakiwa kumwambia kijana, lakini hakuwahi. Kutoka upande wa shule tulisikia vishindo. Darasa la saba, wanafunzi arobaini na mmoja, walikuwa wanateremka kwa mistari miwili kwenda kujipanga barabarani, kila mmoja na tawi la majani mkononi, mbele yao Uwimana. Walipotufikia walisimama kutusalimu.

"Shikamooni!"

"Marahaba! Hebu tusomeeni hilo shairi, tusikie kabla ya mgeni," alisema Middle. "Kijiwe hiki ndicho kamati ya mitihani."

Uwimana akageuka, akainua tawi, akalishusha. Watoto arobaini wakajaza vifua, wakatoa kwa sauti moja iliyofika Makere:

*Karibu mgeni wetu, hapa weka jina lake,*
*Umefika shule yetu, hapa weka sifa zake,*
*Tunakupa moyo wetu, hapa taja kazi yake,*
*Leo ni furaha kwetu, mgeni naye acheke.*

Kahawa iliyokuwa inashuka kooni mwangu ilibadili nia ikapanda puani.

Middle alikuwa amefumba macho, anahesabu kwa vidole, midomo inacheza. Alihesabu mstari wa kwanza. Akahesabu wa pili. Vidole vilipomwishia akaazima vya Bahari. Hatimaye akavua kofia.

"Kumi na sita," alisema. "Kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita. Vina vya kati, tu. Vina vya mwisho, ke. Kijana, nilikudharau. Sina neno."

"Limekaa," Bahari alikiri. "Pale Ujiji wangekutupia kanzu."

"Yemwe, jamani," Spoku aliinua kichwa, "mimi Kiswahili nimekijulia ukubwani, mtanisamehe. Lakini huyo mgeni anaambiwa jina aliweke wapi?"

Balozi ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alianza kutikisika taratibu, mabega kwanza, halafu tumbo, halafu sinia la maandazi lililokuwa mapajani. "Mama yangu! Hayo yalikuwa maagizo! Fomu Tuu, yale yalikuwa maagizo yako kwa watoto!"

"Yalikuwa maagizo," nilisema.

"Sasa kwa nini yana vina?" Bahari akafoka.

Hapo ilibidi niseme kweli yote, na kweli hiyo hainiongezei heshima. Pale ubaoni Jumatatu nilikuwa na nusu ya kwanza tu ya kila mstari. Ningeweza kupiga vistari kwenye nafasi zilizobaki, kama mtu yeyote mwenye akili. Lakini darasa lilikuwa linatazama, nami ni mtu wa shule ya bweni. Nikasema moyoni, hata maagizo yangu yatakuwa na mizani na vina, wajue wanafundishwa na nani. Nilihesabu mwenyewe. Nilijipongeza mwenyewe. Kisha nikaandika pembeni, kwa chaki nyekundu: kariri kama ilivyo, asipunguze mtu hata silabi moja.

"Kupanda mchongoma," alisema Middle akirudisha kofia kichwani, "kushuka ndiyo ngoma. Sasa kijana, barua yako kwa Mwalimu Venanti umeshaipata?"

"Kasema atanipa baada ya sherehe. Akiridhika."

Wakaanza kucheka tena, kisha wakaona sura yangu, wakaacha. Hata Bahari alinimiminia kikombe akasema hiki ni cha bure, na watu wa Kasulu wanajua kwamba Bahari hutoa kahawa ya bure kwenye misiba tu.

Nikasimama, nikaenda kwa darasa langu. "Uwimana. Sikilizeni wote. Ile nusu ya pili ya mistari siyo shairi. Nilikuwa nawaonyesha mahali pa kuweka jina."

"Tulijua, Mwalimu," alisema Uwimana.

"Mlijua?"

"Tulijua tangu Jumatatu. Tukakungoja Jumanne utupe jina. Tukakungoja Jumatano. Ulikuwa Kibondo kwenye dansi."

"Nani kakwambia nilikuwa kwenye dansi?"

"Utingo wa lori la Omary ni mjomba wake Kezia."

Kezia, mstari wa pili, aliangalia tawi lake kana kwamba ndiyo kwanza analiona.

"Basi tusibishane," nilisema haraka. "Tunaweka jina sasa hivi. Wazee, nisaidieni! Jina la silabi nane, liishie ke!"

Sijawahi kuona kijiwe kikifanya kazi kwa bidii namna ile. Bahari alipendekeza "Bwana Afisa Elimu". Middle akahesabu, akapata nane, akapiga kelele kwamba kina kimevunjika, huwezi kumaliza na mu kwenye ubeti wa ke. Bahari akasema mgeni hatajali. Middle akasema mgeni asipojali yeye atajali, na heri mgeni akose jina kuliko shairi likose kina. Spoku akasema tukate tu nusu ya pili, libaki "Karibu mgeni wetu". Middle akamuuliza kama yeye huwa anamrudishia mteja baiskeli yenye gurudumu moja. Balozi akauliza, je, akiwa mwanamke? Wote wakaanza kuhesabu upya, maana hilo halikuwa limempitia mtu akilini.

"Mwalimu," Uwimana alisema, "usisumbuke. Siku ya kwanza ulituandikisha daftarini kwamba shairi liseme kweli. Basi tumeongeza ubeti wa pili. Tuliutunga jana."

"Ubeti gani? Nisomee."

"Utausikia, Mwalimu."

"Mimi ndiye mwalimu wako! Nisomee sasa hivi!"

Akanitazama kwa adabu kubwa. Nilikuwa nimewaangalia walimu wangu mara nyingi kwa adabu ya namna hiyo, na nilijua ndani yake kuna nini. Kabla sijasema zaidi, mtoto mmoja alinyoosha kidole. Juu ya kilima, upande wa Kibondo, vumbi lilikuwa limesimama kama mnara, na mbele ya vumbi kulikuwa na Landrova. Mgeni Rasmi alikuwa amewahi saa tatu nzima, jambo ambalo serikali haijapata kumfanyia mtu hapa Kasulu. Darasa la saba lilitawanyika, likakimbilia shuleni na matawi yake.

Kijiwe kizima kikafuata. Middle alitangulia na fimbo, Bahari na dele lake, Balozi na sinia kichwani, Spoku akisukuma baiskeli ya mteja asiye na habari. Mimi nilikuwa wa mwisho, nimeshika bugaluu kwa mikono miwili nisijikwae, huku nikimwomba Mungu aipe Landrova pancha. Iliyoipata ni baiskeli ya Spoku.

Mgeni Rasmi alikuwa mtu mfupi, mwembamba, nyusi nyeupe kwa vumbi, jalada kwapani. Mwalimu Venanti alimkalisha kwenye kiti cha pekee chenye mto. Bendera ilipepea. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na migomba, mahali ambapo mtu anaweza kusikia ushairi na pia kuondoka.

Walisoma ubeti wa kwanza. Walipofika "hapa weka jina lake", Mgeni alifungua jalada lake kidogo akachungulia, kama mtu anayetafuta ukurasa aliouruka. Mwalimu Venanti aligeuza shingo polepole, akanitafuta juu ya vichwa arobaini na moja, akanipata. Nikaiona barua yangu ikichanika machoni mwake. Kisha Uwimana akainua tawi tena.

*Jina lako hatunalo, mgeni simama sema,*
*Tulingoja tupewalo, mwalimu yu kwenye ngoma,*
*Tumesoma tuonalo, ubaoni limekoma,*
*Leo ni furaha kwetu, mgeni naye acheke.*

Kando yangu Middle alikuwa anahesabu kwa vidole na kulia machozi kwa wakati mmoja. "Lo, kati! Ma, mwisho! Wamebadilisha vina, wameshika kituo! Nani kawafundisha hawa?"

Nilikuwa napima umbali wa migomba.

Mgeni alifunga jalada lake. Halafu alicheka. Hakikuwa kicheko cha kiofisi. Alicheka mpaka vumbi likadondoka kwenye nyusi, mpaka akamshika Mwalimu Venanti begani, na Mwalimu Venanti, ambaye hakuwa amepanga kucheka, akacheka kwa sababu bega lake lilikuwa linatikiswa. Mgeni akasimama kama alivyoagizwa.

"Naitwa Abdalah," alisema. "Hii ni shule ya kumi na nne kwenye ziara yangu. Shule kumi na tatu zimenisifu. Nimeitwa simba, nimeitwa jua, shule moja imeniita daraja. Hakuna iliyoniuliza jina." Akakohoa vumbi. "Huyo mwalimu aliyekuwa kwenye ngoma, yuko hapa?"

Vidole arobaini vilielekea kwenye migomba. Uwimana alitumia tawi, ili nisikosewe.

Nikaja mbele. Bugaluu haijawahi kuwa pana kama siku ile.

"Ulifundisha nini, kijana?"

"Mizani na vina, mzee."

"Na ubeti wa pili?"

Nilitaka kupiga fiksi. Ilikuwa tayari ulimini, imevaa, imechana nywele. Nikamwangalia Uwimana, naye alikuwa ananiangalia bila chuki yoyote, anasubiri tu kusikia kama nitasema kweli.

"Huo walitunga wenyewe, mzee. Mimi sikuwepo."

"Naona," alisema Mgeni. "Ningependa kujua wangetunga nini kama ungekaa huko wiki nzima."

Alasiri tulirudi benchini. Bahari alikuwa amepandisha sauti kama kawaida yake baada ya ushindi wa mtu mwingine, anaeleza kwamba watoto wale lazima wana babu Ujiji. Spoku alikuwa anaziba pancha, hasemi, ila kila baada ya muda anatabasamu kwenye beseni la maji. Middle alikuwa ameazima kalamu anaandika ule ubeti wa pili kwenye karatasi ya tangazo, upande wa nyuma. Mimi nilikaa pembeni na kikombe ambacho sasa nilitakiwa kukilipia.

Saa kumi Mwalimu Venanti alifika na baiskeli. Hakuketi. Hakukubali kahawa. Akanipa bahasha, akasema, "Safari njema, Leonidasi," akaondoka kabla sijajua kama alikuwa anatabasamu au alikuwa amekunja uso kwa jua.

"Fungua!" walisema wote.

Middle akaninyang'anya, kwa maelezo kwamba sisi wa Middle ndio tunaojua kusoma barua za serikali. Akavaa miwani.

"'Kwa Mkuu wa Shule,'" alisoma. "'Kijana huyu amekuwa darasani kwetu, darasa la saba, somo la ushairi, siku kumi na mbili, ukitoa mbili. Yeye hakufundisha kitu. Wanafunzi wamejifunza mengi. Alipoulizwa alisema kweli, jambo ambalo nadhani lilimshtua yeye mwenyewe. Naomba apokelewe tena kidato cha pili, kwani huko ndiko anakohitajika kukaa na kusikiliza.'"

Middle akavua miwani.

"Hapo kasifiwa," alisema Bahari.

"Katukanwa!" Middle akapinga. "'Hakufundisha kitu', hiyo ni sifa?"

"Lakini 'wanafunzi wamejifunza mengi'! Kazi ya mwalimu nini?"

"Na 'alisema kweli'?" Spoku akaongeza. "Hilo binti yangu pia amelisema. Ila alisema ulichelewa kidogo."

"Fomu Tuu, ukiipeleka hii mkuu wenu atakufukuza tena, safari hii kwa ushahidi wa maandishi," alisema Middle.

"Atampokea! Kaombwa ampokee!" Bahari akajibu.

"Kasema 'akae na kusikiliza'! Hayo ni maneno ya kumwambia mtoto mtukutu!"

"Na huyu ni nani?"

Waligombana mpaka kahawa ikapoa ndani ya dele, jambo ambalo Bahari alilitaja baadaye kama hasara ya taifa. Mimi nilikuwa nimeirudisha barua mkononi, naisoma mara ya tano, bado sijui nicheke au nijifiche. Jua lilikuwa limeshuka. Balozi alifunga maandazi yaliyobaki kwenye kitambaa, akajipangusa mikono.

"Hiyo barua," aliuliza, "ina muhuri?"

Nikaitazama. "Ina muhuri."

"Basi ni sifa," alisema Balozi, akajitwika sinia lake akaenda zake.